Ipime Tarehe Kama Unavyolipima Zege

Hakuna mhandisi makini anayekubali kuendelea na ghorofa ya pili wakati nguvu ya zege la ghorofa ya kwanza haijulikani. Sampuli huchukuliwa saiti, hujazwa kwenye vibati vya mchemraba, hulowekwa majini, kisha huvunjwa maabara siku ya 7 na siku ya 28, na namba inayopatikana huandikwa na kutiwa sahihi. Lakini mhandisi huyohuyo akiulizwa kikaoni daraja litakwisha lini, hujibu papo hapo: miezi minane. Hakuna sampuli aliyochukua, wala hakufungua rekodi ya daraja lolote lililokwisha kujengwa. Jibu hilo huingia kwenye mkataba, mkuu wa wilaya hulitangaza kwa wananchi, benki hulikopeshea fedha, na mafundi hupangiwa likizo kwa kulifuata. Ikiwa unataka kuwa msimamizi bora wa miradi, anzia hapo. Stadi unayoihitaji kuliko zote ni kukadiria muda na gharama kwa ushahidi, nayo haipatikani kwa kununua programu ya kuchora ratiba wala kwa kutundika cheti ukutani. Hupatikana kwa kuandika ulichokadiria, kukilinganisha na kilichotokea, na kukubali kusahihishwa na tofauti hiyo. Kuongoza watu, kuendesha vikao na kuandika ripoti ni mambo ya lazima pia, ila yote hulemewa ikiwa tarehe ya mwanzo ilikuwa ya kubuni.

Usidhani tatizo hili ni la wavivu au wasiosoma. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kwamba binadamu anapopanga kazi huwa na matumaini yaliyopita kiasi, hata pale anapojua kuwa kazi za aina hiyo zilichelewa huko nyuma. Mwaka 1994 Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu wangemaliza lini tasnifu zao. Kwa wastani walisema siku 34 hivi. Walipotakiwa kutaja muda kwa hali mbaya kabisa, kila kitu kikienda mrama, walisema siku 49 hivi. Kwa kweli walitumia takriban siku 55. Itazame vizuri namba hiyo ya katikati, maana ndiyo inayotuhusu: hata makadirio ya hali mbaya kabisa yalikuwa na matumaini mno. Watafiti hao walipowasikiliza watu wakifikiri kwa sauti, waligundua kwamba karibu mawazo yote yalihusu hatua zinazokuja, na mara chache sana mtu alikumbuka kazi zake za zamani. Mpango hujengwa kama simulizi: tutachimba msingi, tutafunga nondo, tutamwaga zege, tutafumua mbao. Ndani ya simulizi hiyo hakuna dereva wa roli aliyefiwa, hakuna saruji iliyokwama njiani, hakuna mchoro uliorudishwa kwa masahihisho.

Kwenye miundombinu hali ni hiyohiyo, ila hapa fedha ni za umma. Bent Flyvbjerg na wenzake walichapisha mwaka 2002 uchambuzi wa miradi 258 ya usafirishaji katika nchi 20. Katika kila miradi kumi, tisa iligharimu zaidi ya ilivyokadiriwa. Reli zilizidi kwa wastani wa asilimia 45, madaraja na mahandaki 34, barabara 20. Sisi Tanzania tuna yetu: Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilitarajiwa kukamilika Juni 2022, na mtambo wake wa kwanza ukaanza kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024. Ni kazi kubwa iliyofanikiwa, na kuchelewa kwake kunaliweka katika safu moja na mabwawa mengi makubwa ya dunia. Mhandisi anapaswa kuona jambo moja zaidi katika takwimu za Flyvbjerg. Makosa ya kubahatisha yangesambaa pande zote mbili, mengine juu na mengine chini. Haya yameelemea upande mmoja. Kosa linaloelemea upande mmoja kila mara linaweza kupimwa, na likishapimwa linaweza kusahihishwa. Mpima ardhi anayejua kwamba utepe wake umevutika hautupi kila siku na kununua mwingine. Anajua umevutika kwa kiasi gani na anasahihisha kila kipimo kwa tofauti hiyo.

Pingamizi la kwanza utakalolisikia, pengine kutoka kwako mwenyewe, ni kwamba kila mradi ni wa kipekee: mto huu si ule, udongo huu si ule, mteja huyu ana mambo yake. Ni kweli kwa mradi mzima, lakini si kweli kwa kazi zilizomo ndani yake. Barabara yako mpya ina kalavati, tuta la kifusi, mifereji ya kando na tabaka la lami, na kila kimoja kimekwisha kufanywa mara nyingi na watu walio hai ambao unaweza kuwauliza. Tuseme umepanga kujenga kalavati la zege kwa wiki sita, na umepata rekodi za makalavati matano ya ukubwa huo ambayo nayo yalipangiwa wiki sita. Moja lilichukua wiki 7, mawili wiki 8, moja wiki 9 na moja wiki 12. Hakuna hata moja lililomalizwa ndani ya sita. Ukitaka tarehe ambayo una nafasi ya nusu kwa nusu kuitimiza, ni wiki ya nane. Ukitaka ahadi ambayo kwa rekodi hizi ungeitimiza mara nne katika tano, sema tisa. Kisha nenda ukaulize lile la wiki 12 lilikumbwa na nini, maana sababu hiyo inaweza kuwa inakusubiri na wewe. Rekodi tano ni chache, hilo halina ubishi, lakini tano ni bora kuliko sifuri, na sifuri ndiyo idadi inayotumika kwenye vikao vingi. Anza na rekodi, kisha rekebisha kidogo kwa yale unayoyajua kuhusu saiti yako. Anayeanza na saiti yake na kuziongeza rekodi mwishoni kama pambo hurudi kwenye simulizi ileile.

Kwa hiyo chombo chako cha kwanza ni daftari, au faili la jedwali kwenye kompyuta ikiwa unapenda hivyo. Kwa kila kazi andika mambo haya kabla haijaanza: muda uliokadiria, gharama uliyokadiria, nani alitoa kadirio hilo, na unachukulia kwamba nini kitakuwa tayari. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika, nalo ndilo lenye thamani kubwa. Unaposema wiki tisa, unachukulia kwamba shirika la umeme, TANESCO, watakuwa wamehamisha nguzo, kwamba fidia ya mashamba imelipwa, kwamba mchoro wa nondo umeidhinishwa, kwamba kazi haiangukii katikati ya masika. Andika yote. Kazi ikikamilika, andika muda halisi, gharama halisi, na dhana ipi haikusimama. Muulize fomeni na mafundi, usiridhike na ripoti ya mwezi. Fomeni anajua kwamba siku tatu zilipotea kwa sababu kokoto ziliposhushwa zilikuwa chafu zikarudishwa. Ripoti ya mwezi itasema tu kwamba kazi inaendelea vizuri.

Daftari hilo huwajibu pia wale wanaosema kwamba huku kwetu ucheleweshaji hutoka nje ya uwezo wa mhandisi: mvua, bandari, malipo ya serikali. Sababu hizo ni za kweli na zinaumiza. Lakini masika ya pwani huja Machi hadi Mei na vuli huja Oktoba hadi Desemba, tangu kabla ya mkataba wako kusainiwa. Barabara inayopita kwenye udongo mweusi unaovimba haipitiki kwa greda siku kadhaa baada ya mvua kukatika, kwa hiyo siku unazopoteza ni nyingi kuliko siku za mvua zenyewe. Mwaka mmoja wa kumbukumbu za saiti utakuonesha uwiano huo, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ina rekodi za miaka mingi. Shehena ikichelewa bandarini mara tatu katika mara nne, muda huo ni sehemu ya kazi na mahali pake ni kwenye ratiba. Kisichotabirika ni siku ambayo tatizo litatokea. Kwamba litatokea, na takriban kwa ukubwa gani, hilo mara nyingi linajulikana.

Kadirio la kweli haliwezi kutolewa kwa kitu ambacho hakijaeleweka, na hapa inafaa kuchukua muda kuitazama Nyumba ya Opera ya Sydney, mradi unaotajwa sana. Jørn Utzon wa Denmark alishinda shindano la usanifu mwaka 1957 kwa michoro iliyokuwa ya mwanzo tu. Gharama ilikadiriwa kuwa dola milioni 7 za Australia, na ufunguzi ukawekwa Januari 1963. Serikali ya New South Wales ilihofia kwamba mradi ungekosa uungwaji mkono, ikashinikiza ujenzi uanze Machi 1959. Wakati huo hakuna aliyejua mapaa yale yanayofanana na tanga yangejengwaje. Msingi na nguzo zilisimamishwa kwa ajili ya paa ambalo uzito na umbo lake havikujulikana. Njia ya kulijenga ilipatikana mwaka 1961, mapaa yote yakikatwa kutoka tufe moja ili vipande viweze kufinyangwa kwa kurudia, na ikaonekana kwamba nguzo zilizokwisha kujengwa hazingeubeba mzigo huo. Ikabidi zijengwe upya. Jengo lilifunguliwa Oktoba 1973, kwa gharama ya dola milioni 102. Ukiisoma historia hiyo kama mhandisi, hutaona uzembe wa mafundi wala udhaifu wa ratiba. Utaona swali moja la kitaalamu, namna ya kusimamisha paa, lililopaswa kujibiwa kwenye karatasi kwa gharama ndogo, likajibiwa saiti kwa gharama kubwa. Kabla ya kutoa tarehe, jiulize: ni swali gani katika mradi huu ambalo halijajibiwa, na jibu lake likibadilika litabomoa nini? Kama lipo, toa tarehe ya kulijibu tu. Tarehe ya kumaliza itafuata baadaye.

Upande wa pili wa mfano huo uko karibu nasi. Wapimaji wa Kichina waliingia porini mwaka 1968 kuipima njia ya reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na ujenzi ukaanza Oktoba 1970, njia ikiwa imeshapimwa na kusanifiwa. Walianza na sehemu rahisi zaidi, kutoka pwani hadi Mlimba, wakizoeza vikosi na mitambo, kabla ya kupanda milima kuelekea Makambako ambako madaraja na mahandaki yamefuatana. Reli ilikamilika mwaka 1975, kabla ya wakati uliopangwa, ikakabidhiwa Julai 1976. Mtu atasema, na kwa haki, kwamba mradi ule ulikuwa na makumi ya maelfu ya wafanyakazi na msukumo wa kisiasa usiopatikana leo. Msukumo wa kisiasa Sydney nao ulikuwepo tele, na ndio uliowafanya waanze mapema. Tofauti ni mahali ulipoelekezwa. Kwetu sisi tunaofanya miradi midogo, somo la Mlimba linatumika bila kubadilishwa: kazi ikiwa na sehemu ngumu na sehemu rahisi za aina moja, fanya rahisi kwanza, pima kasi halisi ya kikosi chako, kisha ukadirie ngumu upya kwa kasi hiyo.

Kuna pingamizi la kifalsafa ambalo halipaswi kurukwa. Mwanauchumi Albert Hirschman aliandika mwaka 1967 kwamba kutojua ugumu wa mradi kunaweza kuwa baraka: watu wangeujua mapema wasingethubutu, na wakishaingia hubuni njia za kuushinda. Mtu anaweza kuongeza kwamba kama Sydney ingeambiwa milioni 102 mwaka 1957, leo isingekuwa na jengo ambalo UNESCO imeliweka katika urithi wa dunia. Huenda. Lakini hesabu hiyo huwahesabu walionufaika na kuwaacha waliolipa. Utzon aliacha mradi mwaka 1966 baada ya ugomvi na serikali kuhusu gharama na malipo, kumbi za ndani zikakamilishwa na wengine, na hakurudi kuliona jengo lake hadi alipofariki mwaka 2008. Tena Sydney ilikuwa na bahati nasibu ya kuchangia fedha. Halmashauri yenye bajeti ya zahanati tatu haina. Kadirio la uongo likiifanya moja ile fedha za zote tatu, vijiji viwili vitabaki na misingi iliyoota majani, na hakuna ubunifu wa saiti utakaozirudisha fedha hizo.

Pingamizi zito kuliko yote ni la zabuni. Nikisema ukweli, mwenzangu atataja bei ya chini na kuchukua kazi. Huwezi kuliondoa pingamizi hili kwa mahubiri, kwa sababu waajiri wengi kweli huchagua bei ya chini. Unachoweza kufanya ni kutenganisha vitu viwili ambavyo vimezoea kuchanganywa. Kadirio ni maelezo ya kitaalamu kuhusu kile kitakachotokea. Bei na tarehe ya zabuni ni uamuzi wa kibiashara. Kampuni ina haki ya kuingia zabuni kwa bei ya chini ikijua itabeba hasara fulani. Haina haki ya kukuambia ubadili kadirio lako ili lilingane na bei. Andika kadirio lako pamoja na dhana zake, litie tarehe, mpe mkurugenzi, naye aamue. Akikuuliza kama inawezekana kupunguza, mjibu kwa kazi: ukiondoa kipengele hiki, au ukianza baada ya masika, au ukikodi greda ya pili, itapungua kwa kiasi hiki. Ukipunguza siku bila kupunguza kazi yoyote, hujakadiria chochote, umekubali tu. Ahadi ni deni, na deni hili hulipwa na kikosi cha saiti kwa kufanya kazi usiku na kuruka vipimo. Wahandisi waliosajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) hula kiapo cha taaluma yao. Kadirio la muda liko chini ya kiapo hicho sawasawa na hesabu ya boriti.

Wasimamizi wengine watakuambia kwamba muda wa ziada huliwa. Wana hoja: Cyril Northcote Parkinson aliandika mwaka 1955 kwamba kazi hutanuka hadi kujaza muda uliotengwa, na aliyepewa wiki tisa huanza kwa mwendo wa wiki tisa. Tiba yake ni namna unavyoitunza ziada. Usiifiche ndani ya kila kazi, siku mbili huku na tatu kule. Mpe kila kiongozi wa kikosi muda wa katikati, ule wa wiki nane, kisha kusanya ziada yote mahali pamoja mwishoni mwa mradi, ionekane na kila mtu, na itolewe kwa maandishi yenye sababu. Kila wiki angalia mambo mawili: kazi imefika wapi, na ziada imebaki kiasi gani. Nusu ya ziada ikiisha kabla ya robo ya kazi, una habari ya kumpelekea mteja leo, wakati bado ana la kufanya. Na ukichelewa, usikimbilie kuongeza watu. Frederick Brooks, aliyesimamia programu ya OS/360 pale IBM, alionesha katika kitabu chake cha mwaka 1975 kwamba kuwaongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi, kwa sababu wapya hufundishwa na walewale wenye kazi, na njia za mawasiliano huzidi haraka: watu watano wana jozi 10 za kuelewana, watu kumi wana 45. Kuchimba mtaro kunaweza kuongezewa vibarua. Kusanifu, kuandika programu, kufunga mitambo ya umeme, mara nyingi hakuongezeki hivyo.

Maendeleo nayo yapime kwa vitu vilivyokamilika, maana kazi inayoripotiwa asilimia 90 inaweza kukaa hapo miezi mitatu. Hesabu makalavati yaliyojazwa udongo na kukaguliwa; lililobakiza ukuta mmoja halihesabiki. Kumbukumbu hizi zina faida ya kimkataba pia. Chini ya masharti ya mikataba ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, ya mwaka 1999, ambayo yanatumika katika mikataba mingi ya ukanda wetu, mkandarasi anayetaka muda wa nyongeza au malipo ya ziada anatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 28 tangu ajue, au alipopaswa kujua, tukio lililosababisha dai. Akipitisha siku hizo anaweza kupoteza haki yake hata kama mvua ilinyesha kweli na fidia kweli haikulipwa. Mhandisi aliyeandika dhana zake mapema anajua siku ileile moja ilipovunjika, na barua yake huondoka wiki hiyohiyo.

Kama ndiyo kwanza umeingia kazini na huna rekodi zozote, usisubiri mradi mkubwa. Mpime mtu mmoja, yaani wewe mwenyewe, kwenye kazi za siku: kukagua mchoro, kuandaa hati ya malipo, kusubiri majibu ya mhandisi mshauri. Andika kadirio asubuhi na matokeo jioni. Kwa mradi mzima, waombe wakadiriaji majenzi wa kampuni yako hati za malipo ya mwisho za miradi iliyofungwa na uzilinganishe na orodha za kiasi na bei za kazi (BOQ) zilizosainiwa. Soma pia ripoti za kila mwaka za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuhusu miradi ya maendeleo, ambazo ziko wazi kwa umma na hutaja miradi iliyochelewa pamoja na sababu zake. Ukishapata kazi thelathini zilizokamilika ndani ya daftari, zipeleke kwa msimamizi wako kabla zabuni inayofuata haijaandikwa, na umwoneshe safu mbili tu: tulichosema, na kilichotokea.